Mpe mwanafunzi mchoro wa mtoto, umkataze kuusahihisha

Kijana anayeanza kuchora kidijitali huja na wahusika wake tayari kichwani: wenye macho makubwa ya katuni za Kijapani, wenye misuli ya mashujaa wa Marekani, wenye nywele za ncha. Anawanakili vizuri sana. Sina neno na katuni hizo, maana ndizo zilizowafanya wengi washike kalamu. Ila mwambie achore kitu ambacho hajawahi kukiona kimechorwa na mtu mwingine, uone mkono unavyosita.

Nafundisha vijana hapa Dar es Salaam, na zoezi lililowatoa kwenye kunakili kuliko yote ni hili: mpe mchoro wa mtoto wa chekechea, umwambie auchore upya hadi uwe na uzito, mwanga na ngozi, lakini asisahihishe chochote. Vidole saba vibaki saba. Kichwa kilichoota miguu bila kiwiliwili kibaki hivyo hivyo.

Sharti hilo lina sababu. Mfaransa Georges-Henri Luquet alieleza mwaka 1927 kwamba mtoto huchora anachokijua kuliko anachokiona. Ndiyo maana watu waliomo ndani ya nyumba wanaonekana ukuta ukiwepo, na gari linapata magurudumu yote manne upande mmoja. Kwa mtoto, hizo ni taarifa. Mwanafunzi akizifuta, anabaki na kuku wa kawaida ambaye tumeshamwona mara nyingi.

Na kuku nimemtaja kwa sababu ndiye aliyenifundishia darasa zima. Mtoto alichora kuku mwenye miguu mitano na yai linaloonekana tumboni. Mwanafunzi aliyepewa mchoro huo alirudi na kuku mrembo, manyoya yamepangika, miguu miwili, yai hakuna. Nikamtuma amuulize mwenye mchoro. Jibu: kuku anakimbia. Kumbe miguu mitano ilikuwa mbio! Kazi ya pili ilikuwa na miguu yote mitano, kila mmoja ukiwa umekanyaga kwa namna yake, na vumbi nyuma. Yai nalo lilizaa somo ambalo nisingelipanga. Ili lionekane, ilibidi tumbo lipitishe mwanga, kwa hiyo kijana akalifanya yai kuwa taa: rangi ya chungwa iliyokolea karibu na yai, ikififia kuelekea mgongoni, manyoya ya juu yakiwa meusi kidogo kwa sababu mwanga unatoka nyuma yake. Alitumia leya (tabaka la mchoro linalolala juu ya jingine) moja ya kivuli kwenye hali ya Multiply, inayotia giza kilicho chini yake, na nyingine ya mwanga kwenye Screen, inayokiangaza. Siku hiyo alielewa hali hizo mbili kwa undani ambao maelezo yangu ya ubaoni hayakuwahi kumfikisha.

Upande wa vifaa usikutishe. Programu ya kuchorea ya Krita ni ya bure kwenye kompyuta, na wenye simu tu wanatumia programu ya ibisPaint. Piga picha ya karatasi mchana karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi ili mchoro usipinde. Kama kazi itachapishwa kwenye A4, fungua turubai (eneo la kuchorea) ya pikseli 2480 kwa 3508, yaani 300 dpi, nukta 300 kwa kila inchi. Kwenye simu, turubai ikiwa kubwa idadi ya leya inapungua, hivyo mwanafunzi apange mapema atakazozihitaji. Leya ya picha ishushwe ukolezi hadi kama 30%, kisha ifungwe isiguswe.

Kabla ya mstari wa kwanza, ninawataka waandike kwa mkono maamuzi yote ya mtoto: jua liko kushoto, lina kope; mama ni mkubwa kuliko nyumba; mkono mmoja mrefu. Ukubwa wa mama usiguswe kamwe. Halafu wazime kile kifaa cha ndani ya programu cha kunyoosha mstari, au wakipunguze sana, angalau kwa muhtasari wa mwanzo. Kinalainisha mtikisiko wa mkono wa mtoto, na kwenye mtikisiko huo ndiko tabia ya kiumbe ilikojificha.

Wapo watakaolalamika kwamba anatomia, yaani maumbile ya mwili, imekosewa. Mimi huwaonyesha kazi za Edward Saidi Tingatinga, aliyechora wanyama wake hapa hapa Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi hadi alipofariki mwaka 1972. Chui wake hafuati vipimo vya chui wa porini, na hakuna anayemdai avifuate.

Programu za akili mnemba nazikataza kwenye zoezi hili. Mara nyingi ukizipa kuku wa miguu mitano zinakurudishia wa miwili, na hapo mwanafunzi hajaamua lolote.

Jambo la idhini lisipuuzwe. Mchoro ni mali ya aliyeuchora, awe na miaka 5 au 50. Omba ruhusa ya mzazi au mlezi, kisha muombe na mtoto mwenyewe, maana wapo wanaokataa na wana haki hiyo. Karatasi yake irudi kwake haijakunjwa. Kazi mpya ikionyeshwa popote, iandikwe kwamba imetokana na mchoro wake, kwa jina ambalo mzazi ameridhia.

Ukienda steshenari kuchapisha, toa nakala moja ya majaribio kwanza. Bluu na kijani kali za kwenye skrini hupauka kwenye karatasi, na mtoto aliyepaka jua la kijani atagundua.

Hakimu wa kazi awe mtoto mwenyewe. Mimi natoa alama za mwanga na rangi, lakini swali la kama huyu ndiye kiumbe mwenyewe linajibiwa na aliyemwanzisha. Watoto hawabembelezi: watakuuliza mbona kope za jua zimepungua. Mwanafunzi afungue faili palepale aziongeze, mtoto akiwa pembeni anaelekeza. Kwa hiyo leya zisiunganishwe kabla ya siku hiyo.