Splita ya msumeno wa meza: pima bledi kwanza, hela baadaye

Misumeno mingi ya meza kwenye karakana za Arusha na Moshi haina kitu chochote nyuma ya bledi. Kuna mashine iliyochomelewa hapa hapa bila kuwekewa, na kuna iliyokuja mtumba kutoka Ulaya kisu chake cha nyuma kikiwa kimeshapotea. Kuna pia ambayo kisu chake kipo, ila kimefunguliwa na kutupwa chini ya meza kwa sababu "kinasumbua". Fundi akiamua kurekebisha hali hiyo, kwa kawaida huanza kwa kutazama mtandaoni picha za splita, yaani hicho kisu cha nyuma. Aanze na venia kalipa, kifaa cha kupimia unene.

Meno ya mbele ya bledi yanashuka, kwa hiyo yanaigandamiza mbao mezani. Ya nyuma yanapanda. Bledi ya inchi 10 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika, ncha ya jino lake inakwenda mita 53 kwa sekunde, karibu kilomita 190 kwa saa. Mbao ikiyagusa kwa ubavu hayo meno ya nyuma, au mkato ukijifunga na kuibana bledi, mbao inanyanyuliwa na kurushwa kwa anayesukuma. Splita ni kipande bapa kinachosimama ndani ya mkato ili usijifunge, na ili mbao isigeuke ikaacha fensi, yaani ukingo wa kuongozea mbao. Haizuii kidole kukatwa. Hiyo ni kazi ya kikinga cha juu na kijiti cha kusukumia.

Kwa mbao zetu jambo hili lina uzito wake. Paini na saipresi za mashamba ya miti ya West Kilimanjaro, Rongai na Meru zimeota kwenye miteremko. Mti wa aina hiyo ukiinama, hutengeneza upande wa chini mbao ngumu yenye mkazo ndani yake. Tazama kichwa cha ubao: moyo ukiwa pembeni badala ya katikati, na duara za upande mmoja zikiwa pana na nyekundu kuliko za upande mwingine, ujue ubao huo ukiuchana kwa urefu utajipinda ukiwa bado mezani. Grevilea ya kihambani nayo huja sokoni mbichi mara nyingi, na mkazo wake huachia pale pale unapopita bledi. Mninga au mtiki mkavu ni wapole zaidi, ila fundi hachagui kazi.

Sasa vipimo. Zima mashine na uchomoe plagi. Pima unene wa mwili wa bledi, mbali na meno, kisha upana wa jino lenyewe. Halafu chana ubao mkavu wa sentimita 30 na upime upana wa njia ya mkato iliyoachwa, maana bledi inayoyumba kidogo kwenye shafti huacha njia pana kuliko jino. Splita iwe nene kuliko mwili wa bledi na nyembamba kuliko njia. Bledi ya kawaida ya inchi 10 yenye meno ya kabaidi ina mwili wa mm 2.2 hivi na njia ya mm 3.2: hiyo inataka splita ya mm 2.5 hadi 2.8. Bledi nyembamba yenye mwili wa mm 1.8 na njia ya mm 2.4 inataka mm 2.0 hadi 2.2. Ukiweka splita nyembamba kuliko mwili wa bledi, mbao itaibana bledi kabla haijaigusa splita, kwa hiyo umenunua pambo. Ukiweka ya mm 3 kwenye njia ya mm 3.2, utomvu wa siku moja tu unatosha kuikwamisha.

Za kununua ziko za namna mbili. Ya kwanza ni vipande vidogo vinavyochomekwa kwenye kifuniko cha tundu la bledi, kama MJ Splitter ya kampuni ya MicroJig. Kuna seti ya njia ya mm 3.2 na nyingine ya mm 2.4, na inakuja na kiolezo cha kutobolea matundu. Ni rahisi kufunga, lakini kifuniko kiwe cha mbao ngumu au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) yenye unene wa kutosha kushika vipini. Cha bati au plastiki nyembamba hakifai, na itabidi uchonge kipya. Udhaifu wake ni kwamba haipandi wala kushuka na bledi. Ukishusha bledi, pengo kati ya meno na splita linakua. Ukiilaza bledi, unahitaji kifuniko kingine. Ukichimba mfereji usiotoboa ubao, lazima uing'oe, na hapo ndipo watu husahau kuirudisha.

Ya pili hufungwa kwa bolti kwenye chuma kilichobeba bledi chini ya meza, ikapanda na kushuka nayo. Hii ndiyo bora, sina ubishi. BORK ni mfano wake, ila ilitengenezwa kwa ajili ya mashine fulani tu, kwa hiyo usiagize kabla hujathibitisha modeli yako. Mwenye mashine ya mtumba kutoka Ulaya achungulie chini kwanza: mara nyingi kikalio cha kisu cha asili bado kipo, pamoja na bolti zake. Hapo huhitaji kuagiza chochote kigeni, tengenezesha kisu kinachokaa palepale.

Msumeno uliochomelewa hapa hapa una bahati ambayo wengi hawajaiona. Kwenye nyingi, shafti na bledi vimefungwa kwenye fremu, na kinachopanda na kushuka ni meza. Basi ukifunga kisu kwenye fremu, kamwe si kwenye meza, kitabaki umbali ule ule na bledi kwa kina chochote cha kukata. Chuma kizuri ni bledi kuukuu kubwa, mfano ya inchi 16, ambayo mwili wake huwa mnene kuliko wa bledi ndogo unayotumia. Pima, usikisie, kwa sababu hata bati la dukani geji yake huwa pungufu. Kata ukimwagia maji ili chuma kisijikunje kwa joto. Ukingo wa mbele ufuate duara la bledi, pengo likiwa mm 3 hadi 8, na ncha ya juu iwe mm 2 hadi 5 chini ya jino la juu kabisa. Hapo hata mfereji utachimba bila kukitoa. Usawa wa meza kiwe na upana wa mm 50 hivi ili kisitikisike. Piga tupa kingo mbili za mbele mbao iingie bila kugonga. Kifunge kwa bolti mbili za M10 kwenye chuma cha engo, matundu yawe marefu ili ukisogeze ukibadili bledi. Usikichomelee.

Kabla ya kukipanga, nyoosha fensi. Weka alama ya chaki kwenye jino moja, pima kutoka jino hilo hadi fensi likiwa mbele, lizungushe hadi nyuma, pima tena. Tofauti isizidi mm 0.2. Fensi ikiwa imejikunja ndani kwa nyuma, hakuna splita itakayokuokoa. Kisha laza rula ya chuma ubavuni mwa bledi upande wa fensi: uso wa splita usichomoze kuelekea fensi kupita mstari wa meno hata kwa unywele. Ikichomoza, mbao inabanwa kati yake na fensi, inakwama katikati ya mpasuo, na fundi huanza kusukuma kwa kifua. Ikielemea upande wa pili, dalili ni kipande kinachobaki kuungua ukingoni.

Jaribu na paini kavu ya sentimita 60. Simama pembeni ya mstari wa bledi, chana nusu, zima, subiri isimame kabisa, kisha sogeza mbao kwa mkono ipite splita. Ikigoma, rudi kwenye bolti.

Ukiwa kazini mbao ikajifunga na kuikamata splita, ujue splita imefanya kazi yake, usiongeze nguvu. Zima, subiri bledi itulie, gonga kabari ndogo kwenye mkato nyuma ya splita, ndipo uendelee. Utomvu wa paini ufutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mashine ikiwa imechomolewa na imepoa.

Na bledi ikitoka kunolewa, pima njia upya. Meno ya kabaidi hupungua upana kila yanaponolewa, na yale ya chuma yanayopindwa kushoto na kulia hurudi ndani yakichakaa. Splita iliyokuwa inapita vizuri inaweza kukwama na bledi ile ile.