Mkuyu umeota ukutani: ning'oe au niache?

SWALI: Nyumba ya marehemu babu, ya mawe na chokaa, haijakaliwa miaka mingi. Paa limeanguka na mkuyu umeota juu ya ukuta, mizizi imeshuka karibu na msingi. Fundi anataka kuung'oa kisha azibe nyufa kwa saruji. Nimruhusu? (Msomaji, Pangani)

JIBU: Mkatalie yote mawili.

Mkuyu huo ulipandwa na popo au ndege aliyekula kuyu akanya ukutani. Mbegu yake haidai udongo, unyevu tu. Paa lilipoondoka, mvua ilipiga kichwa cha ukuta ikaosha chokaa kati ya mawe, na mzizi ukafuata njia hiyo hiyo ukiwa mwembamba kama uzi. Ukishanenepa huyasukuma mawe, lakini pia huyakumbatia. Ukiuvuta, ukuta unakuja nao.

Tazama unene wa shina. Likiwa chini ya kidole gumba, ng'oa kwa mkono ukuta ukiwa umelowa, ufuate mzizi mpaka nchani. Likiwa nene kama mkono, kata kwa msumeno, maana panga linatikisa mawe, na papo hapo paka glaifoseti, dawa ya kuua magugu, kwenye kisiki kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ukichelewa utomvu unaganda na dawa haipenyi. Likichipua, rudia. Mizizi ife humo humo ukutani. Ikioza itaacha matundu, nayo uyajaze rojo la chokaa kidogo kidogo, kuanzia chini.

Likizidi paja, liache. Punguza tu matawi yanayoelemea, upepo usiyatumie kuutikisa ukuta. Kule Gede karibu na Malindi, mji uliohamwa karne ya 17, miti mikubwa ingali imesimama katikati ya magofu.

Saruji ni ngumu kuliko matumbawe, mawe ya kuta za kale za pwani, na haipitishi unyevu. Maji na chumvi hujificha nyuma yake, jiwe linamomonyoka, saruji inabaki kama ganda la yai. Tumia chokaa 1 kwa mchanga 3, wa mto uliooshwa, si wa ufukweni. Lowesha mawe kwanza, kisha funika kwa magunia mabichi wiki nzima, la sivyo chokaa itakauka haraka na kupasuka. Anzia kichwa cha ukuta, ukipe mteremko maji yasituame. Ukikiruka hicho, popo atapanda mkuyu mwingine.

Na kama nyumba ilijengwa kabla ya 1863, sheria inaihesabu kuwa ya kale: onana na Idara ya Mambo ya Kale kabla fundi hajashika msumeno.