Okidi iliyogoma kutoa maua, usiitupe kwanza

Dada, umesema okidi uliyonunua ikiwa na maua sasa ni mwaka wa pili inakupa majani tu, na ile aliyokuachia marehemu senga wako, shangazi yako, imeanza kuoza. Pole sana kwa ya senga, nitaifikia.

Hizi za majani mapana zinazouzwa kwenye vitalu vya barabara ya Entebbe nyingi ni Phalaenopsis. Kwao ni misitu ya Asia, hujishika kwenye magome ya miti, mizizi ikipigwa upepo. Kwa hiyo udongo mweusi wa bustani ni kaburi lake. Tumia vipande vya mkaa na magome, kwenye chungu chenye matundu mengi. Hazifi kwa kiu, zinakufa kwa maji, hasa miezi ya mvua. Tazama mizizi: ikiwa kijani imeshiba, ikigeuka rangi ya fedha ndipo umwagilie, asubuhi, na maji yasituame katikati ya majani.

Maua sasa. Kinachoziamsha ni ubaridi, wiki kadhaa za joto lisilozidi nyuzi 25 hivi. Kampala usiku hushuka hadi 17 au 18, ubaridi wa bure, lakini wewe umeifungia sebuleni! Itoe barazani penye mwanga usio na jua kali. Majani ya kijani kilichokolea sana yanakuambia iko gizani. Baadaye utaona kitu kinachomoza kati ya majani: ncha ya mviringo inayong'aa ni mzizi, ncha bapa kama glavu ya mtoto ni kikonyo cha maua. Maua yakipukutika na kikonyo kingali kibichi, kikate juu kidogo ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini. Mara nyingine hutoa tawi jipya.

Kuhusu kupoteza, nakuelewa. Mama mkwe alinipa Ansellia, okidi yetu ya asili yenye maua ya njano na madoa ya chui. Tumbili wa Entebbe waliing'oa asubuhi moja, wakatafuna vikonyo vichanga, mabaki wakayatawanya uani. Sijawasamehe. Jirani akaniambia nikachukue nyingine Mabira. Hapana! Ule ni msitu wa hifadhi, na okidi za porini zinalindwa, biashara yake kimataifa iko chini ya mkataba wa CITES.

Ya senga itoe chunguni leo. Bonyeza kila mzizi: mgumu uache, uliolainika au ulio mtupu ndani ukate kwa kisu kilichopitishwa motoni. Shina likiwa gumu, iweke kwenye mkaa mpya, kivulini, na usiimwagilie siku chache vidonda vikauke. Moyo, yaani pale katikati majani yanapochipukia, ukiwa mweusi na majani yanachomoka yenyewe, uwezekano ni mdogo, ingawa pengine huchipua ubavuni. Mpe nafasi hiyo.

Halafu tuma picha ya mizizi, ya majani hainisaidii.