Msimkate mtu anaposhukuru

Wadogo zangu,

Nimemaliza kusikiliza rekodi za masimulizi ya watu mlizoleta mwezi huu, na makosa ni yale yale ya kundi lililowatangulia. Nawapenda, ndiyo maana nitasema waziwazi.

1. Anzeni na nyumba, siasa itakuja yenyewe. Mkimuuliza mzee wa mtaa wa Jericho, hapa Nairobi, maoni yake kuhusu jaribio la mapinduzi la 1982, atawapa yale yanayojulikana na kila mtu: wanajeshi wa anga, tangazo la redioni, kafyu. Muulizeni Jumapili ile ya Agosti mosi nani alikuwa hajarudi kutoka zamu ya usiku, na unga wa nyumbani ulikuwa umebaki kiasi gani. Hapo ndipo mzee anapovuta kiti karibu.

2. Msimkate mtu anaposhukuru. Hili linaniuma, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Mmoja wenu alikwenda mtaa wa Huruma kwa mama mmoja aliyefukuzwa kwake Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Mama akaanza na jirani yake, mwanamke wa kabila ambalo siku zile yeye alitakiwa kulikimbia. Jirani aliwachukua watoto wake wawili, akawalaza chini ya kitanda, akawapa majina mapya ya kuitikia endapo wataulizwa mlangoni. Usiku aliwaita kwa majina hayo kwa sauti ya chini, tena na tena, mpaka yule mdogo akazoea kuitika bila kumtazama dada yake kwanza. Sauti ya mama ilikuwa imeanza kulainika. Kijana wetu akaingilia: “Sawa mama, tutarudi hapo. Waliowavamia mliwatambua?” Kwenye rekodi unasikia kikombe kikiwekwa mezani. Baada ya hapo ni ndiyo, hapana, sijui, mpaka mwisho. Tulipoomba kurudi, mama alisema kwa upole kwamba alishasema yote. Majina yale mawili hatunayo.

Kijana aliona jirani ni utangulizi na uvamizi ndio habari. Lakini uvamizi uliandikwa. Ripoti ya Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ina hesabu ya waliouawa, watu 1,133, na ina kurasa nyingi za namna walivyouawa. Mwanamke aliyefundisha watoto wa mwenzake kuitika majina ya kwao hana faili popote. Mahali pake pekee palikuwa mdomo wa yule mama. Tena hata mngetaka ushahidi tu, ulikuwa humo humo: nani alikuwa akipita kuuliza milangoni, lugha gani iliokoa mtu, ploti ipi haikuguswa. Mtu akishukuru hutaja majina, saa na mahali, kwa sababu deni halisahauliki. Mwacheni aende kwa mwendo wake.

3. Chaji simu, omba redio izimwe, omba idhini kabla ya kuanza na uiombe tena mkimaliza, na usiandike jina halisi kwenye faili.

4. Rekodini nyumbani kwenu pia. Wengi wenu mlikuwa mjini Juni 25, 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, na mnaisimulia siku ile vizuri: gesi ya machozi, Bunge, mbio za kurudi mtaani. Hakuna hata mmoja aliyeniletea sauti ya mama yake kuhusu siku hiyo hiyo. Alipigia nani simu? Nani alimwambia umeonekana uko salama? Na msidhani hayo ni mambo ya jikoni yasiyohusu historia. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikwenda Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai wakagoma kula, wakidai wana wao. Polisi walipowavamia Machi 3, baadhi yao walivua nguo mbele ya askari. Wakahamia Kanisa la All Saints pale jirani, wakakaa karibu mwaka mzima, mpaka wengi wa wana wao walipoachiliwa 1993. Walioingia uwanjani waliingia kama wazazi, na serikali ikatetemeka. Kuna watu waliowapelekea chai na mablanketi wakati huo. Baadhi bado wako hai hapa Nairobi, na hatujawauliza.

Jumamosi tunakutana kama kawaida. Kila mmoja aje na rekodi ya mtu wa nyumbani kwake, dakika ishirini zinatosha, na swali la kwanza liwe: nani alikusaidia? Ukishauliza, nyamaza.