Kashmir: maswali yenu kuhusu kujibu mapigo

Aprili 22, 2025, watu wenye silaha waliwaua watu 26, wengi wao watalii, kwenye uwanda wa Baisaran karibu na Pahalgam, Kashmir ya upande wa India. Mei 7 India ilishambulia maeneo tisa upande wa Pakistan, Pakistan ikajibu, na hadi mapigano yaliposimama Mei 10, nchi hizi mbili zenye silaha za nyuklia zilikuwa zimeshapigana hadi kwenye viwanja vya ndege vya kijeshi. Maswali yaliyotufikia tangu hapo ni mengi. Haya ndiyo tuliyoyachagua.

Mpaka wenyewe uko wapi?

Mpaka uliokubaliwa na pande zote haupo. Oktoba 1947, wapiganaji wa makabila kutoka upande wa Pakistan walipokuwa wameshaingia, Maharaja Hari Singh aliiunganisha Kashmir na India. Vita vilisimama Januari 1, 1949 na kila jeshi likabaki pale lilipofika. Baada ya Mkataba wa Simla wa 1972 mstari huo ukaitwa Mstari wa Udhibiti, urefu wake kama kilomita 740. Kwenye ramani unakomea nukta iitwayo NJ9842. Kutoka hapo, makubaliano ya 1949 yanasema tu kwamba unaendelea kaskazini hadi kwenye barafu. Maneno hayo machache ndiyo yaliyowapeleka wanajeshi kwenye barafu ya Siachen mwaka 1984, na huko baridi na maporomoko ya theluji vimeua wengi kuliko risasi.

Sheria inasemaje? Mbona Tanzania ilimfuata Amin hadi Kampala mwaka 1979?

Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaipa nchi iliyoshambuliwa kwa silaha haki ya kujilinda, kwa sharti kwamba iliarifu Baraza la Usalama mara moja. Hatua inayochukuliwa lazima iwe ya lazima kweli, na isizidi kile kinachohitajika kuzuia shambulio. Kisasi hakimo. Azimio la Baraza Kuu namba 2625 la 1970 linazitaka nchi zijiepushe na kulipiza kisasi kwa nguvu za kijeshi. Ndiyo maana serikali yoyote inayoshambulia hujitahidi kusema inajilinda. Asubuhi ya Mei 7 India ilisema mashambulizi yake yalikuwa ya kiasi na hayakugusa kambi za jeshi la Pakistan.

Kagera ni kesi nyingine. Mwaka 1978 jeshi la serikali ya Uganda liliingia Tanzania na Amin akatangaza kwamba eneo hilo ni lake. Hapakuwa na haja ya kumtafuta mhusika, ingawa kwenda hadi Kampala kulizua mjadala wake ndani ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Kashmir wanaoshambulia hawavai sare. India inasema Pakistan inawafadhili na kuwaelekeza, Pakistan inakana, na safari hii ilisema iko tayari kwa uchunguzi usioegemea upande. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika kesi ya Nicaragua dhidi ya Marekani ya 1986, ilitofautisha kuwatuma wapiganaji na kuwapa silaha tu: la kwanza linaweza kuwa shambulio la kijeshi, la pili peke yake halitoshi. Kwa hiyo uzito wote uko kwenye ushahidi, na sisi tunaona ushahidi utangulie kombora.

Baada ya shambulio la kigaidi la Mumbai 2008 India ilikaa kimya. Haikuwa woga?

Hapana. Watu 166 waliuawa kuanzia Novemba 26, na serikali ya Manmohan Singh ilifikiria kushambulia ikaacha. Ilikuwa imemkamata mshambuliaji mmoja akiwa hai, Ajmal Kasab. Januari 2009 iliikabidhi Pakistan jalada la ushahidi, na mwezi uliofuata Pakistan ikakiri hadharani kwamba sehemu ya njama ilipangwa kwenye ardhi yake. Hakuna bomu ambalo lingeleta ungamo la namna hiyo.

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Kesi nchini Pakistan ilikokotwa miaka na miaka, na Zaki-ur-Rehman Lakhvi, aliyeshtakiwa kuwa mmoja wa wapangaji, aliachiwa kwa dhamana mwaka 2015. Ukiwa umefiwa Mumbai, ustahimilivu huo unauona kama mauzo ya damu ya ndugu yako.

Basi kujibu mapigo kunazuia shambulio lijalo?

Tazameni mfululizo wenyewe. Septemba 2016, baada ya wanajeshi wa India kuuawa kambini Uri, makomando walivuka Mstari wa Udhibiti usiku mmoja na kurudi. Pakistan ilikana kwamba kuna kilichovuka, na kukana huko kukampa kila mmoja mlango wa kutokea. Februari 2019, baada ya askari 40 wa kikosi cha polisi cha CRPF kuuawa Pulwama, ndege za India zilipiga Balakot, nje kabisa ya eneo linalogombaniwa. Kesho yake Pakistan ikajibu, ikaangusha ndege aina ya MiG-21, ikamshika rubani na kumrudisha Machi 1. Mwaka 2025 zikapigwa Bahawalpur na Muridke katika Punjab, kitovu cha Pakistan, kisha kambi ya anga ya Nur Khan huko Rawalpindi, mji wenye makao makuu ya jeshi.

Kila awamu imeanzia juu ya ile iliyoitangulia, na baada ya kila awamu shambulio jingine limekuja. Mei 12 Waziri Mkuu wa India, Modi, alisema operesheni dhidi ya Pakistan imesitishwa kwa muda tu. Hapo ndipo hofu yetu ilipo: serikali ikishaahidi kujibu kila mara, watu wanne wenye bunduki wanaweza kuamua tarehe ya vita vya mataifa mawili. Na wanaolipa kwanza si majenerali. Mwaka 2025 raia wengi waliouawa upande wa India waliuawa na mizinga Poonch, wilaya iliyo mstarini. Ng'ambo pia walikufa raia, watoto wakiwemo.

Ni nini hasa huharibika vita vikianza?

Kwanza, muda. Desemba 2001, baada ya bunge la India kushambuliwa, jeshi liliamriwa kwenda mpakani. Vikosi vizito vilichukua karibu wiki tatu kufika, na katika muda huo Marekani ilikuwa imeshaingilia na Pakistan imeshajipanga. Wanajeshi walikaa mpakani hadi Oktoba 2002, na mamia walikufa bila vita, wengi kwa mabomu waliyoyatega wenyewe na kwa ajali. Funzo ambalo India ilichukua ni kushambulia haraka, kwa vikosi vidogo, kabla dunia haijaamka. Pakistan ikajibu kwa kombora fupi liitwalo Nasr, lililojaribiwa 2011, la kufika kilomita 60 na kubeba kichwa cha nyuklia. Silaha kama hiyo husogezwa karibu na uwanja wa vita, na uamuzi wa kuitumia hubanwa ndani ya dakika chache.

Pili, makosa. Asubuhi ya Februari 27, 2019, anga la Kashmir likiwa limejaa ndege, walinzi wa anga wa India walirusha kombora na kuiangusha helikopta yao wenyewe, Mi-17, huko Budgam. Uchunguzi ulikuta kifaa cha kuitambulisha kuwa ya kirafiki kilikuwa kimezimwa na mawasiliano na watu wa chini yalikuwa mabovu. Walikufa wanaanga sita na raia mmoja. Machi 9, 2022, siku ya amani kabisa, kombora la BrahMos lilifyatuka India kwa bahati mbaya likaanguka karibu na Mian Channu, Pakistan. Nchi hizi zina makubaliano ya 2005 ya kuarifiana kabla ya kujaribu makombora ya balistiki. BrahMos ni aina nyingine, hayaligusi. Fikirini lingefyatuka Mei 8, 2025.

Nani hupiga simu ya kusimamisha?

Wakuu wa operesheni za kijeshi wa pande mbili wana simu ya moja kwa moja. Mei 10 wa Pakistan alipiga saa 9:35 alasiri kwa saa za India, na wakakubaliana kusimamisha kuanzia saa 11 jioni. Rais Trump alitangaza kwamba Marekani ndiyo iliyosuluhisha. India inakataa, Pakistan inashukuru.

Nauza mchele Mombasa. India ikifunga maji, bei yangu itapanda?

Mkataba wa Indus wa 1960 uliipa India mito ya Ravi, Beas na Sutlej, na Pakistan Indus, Jhelum na Chenab. India iliusimamisha Aprili 23, 2025, lakini haina mabwawa makubwa ya kuzuia mito ya Pakistan, ile mitatu ya magharibi. Mabwawa yake ya Baglihar na Salal kwenye Chenab hushika maji kidogo tu. Inachoweza ni kuchezea ratiba: kufunga siku chache, kisha kufungulia ghafla. Miche ya mpunga hupandikizwa Punjab na Sindh, majimbo ya Pakistan, kuanzia Juni na kuvunwa kuanzia Oktoba, kwa hiyo fuatilia Chenab Juni na Julai kabla ya kuweka oda ya mwisho wa mwaka. Wa upande wa chai, ambao mteja wao mkubwa ni Pakistan, waangalie zaidi bandari ya Karachi na bima ya meli.