PLC kwenye mashine ya kuosha magari: ifuate gari, isifuate saa

Mkuu, umesema una kiwanja Dar, vijana wanaosha kwa pampu ya presha, na sasa unataka mashine ya brashi inayojiendesha yenyewe. Fundi wako anasema rilei (swichi zinazowashwa kwa umeme) na taima zinatosha, jirani yako anasema bila PLC, yaani kompyuta ndogo ya viwandani inayoongoza mashine kwa programu, usijaribu. Mimi ni fundi umeme wa viwandani na mashine za aina hii nimezifunga na kuzihudumia, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Rilei zinaweza, na mashine za zamani ziliendeshwa hivyo. Taabu inaanza siku unapotaka kuongeza huduma ya nta, au povu litangulie kabla ya maji ya presha: kila badiliko ni kufungua paneli na kuhamisha nyaya. Kero hiyohiyo ndiyo iliyowafanya General Motors, kupitia kitengo chao cha giaboksi cha Hydra-Matic, watafute mwaka 1968 kifaa cha kuchukua nafasi ya paneli za rilei, na ndipo ilipopatikana Modicon 084, moja ya PLC za kwanza kabisa, ya mhandisi Dick Morley na wenzake. Nunua PLC. Siemens, Delta, Mitsubishi, yoyote ambayo fundi wa karibu anaijua na vipuri vyake unavipata mjini.

Kwa kiwanja kidogo chukua mashine ambayo fremu iliyobeba brashi inatembea juu ya reli huku gari limesimama. Ile ya handaki, ambamo mnyororo unalivuta gari, inataka jengo refu na foleni ya magari kutwa nzima.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike. Programu nyingi nilizokuta zimeandikwa kwa muda: fremu iende mbele sekunde kadhaa, isimame, irudi. Vitz haifiki mita 4, Land Cruiser inakaribia mita 5. Ukitumia muda uliopimwa kwa Land Cruiser, kwenye Vitz unamwaga shampuu sakafuni. Ukitumia wa Vitz, nyuma ya Land Cruiser inabaki na matope. Halafu reli ikilowa magurudumu ya fremu yanateleza, na hesabu yote inaharibika. Mashine lazima ijue fremu iko wapi na gari linaanzia na kuishia wapi. Funga enkoda, kifaa kinachotoa mapigo ya umeme ya kuhesabu kadiri gurudumu linavyozunguka, au sensa ya chuma inayohesabu meno, kwenye gurudumu lisilovutwa na mota, ili utelezi usikudanganye. Fremu ikirudi mwanzo wa reli, swichi iliyofungwa hapo iifute hesabu ianze sifuri.

Pua na mkia wa gari vitambuliwe na sensa ya mwanga ya pande mbili, mtumaji huku na mpokeaji kule. Ile inayotegemea mwanga urudi kutoka kwenye bodi la gari inashindwa na gari jeusi. Usiiweke usawa wa vioo, maana mwanga unapita. Na povu likiukata mwanga mara moja, programu isikubali haraka: ishara idumu kidogo ndipo ihesabike.

Taima hazina kazi basi? Zina kazi kubwa, ila ya ulinzi. Ukiamuru valvu ya shampuu ifunguke, swichi ya mtiririko ijibu ndani ya sekunde chache. Isipojibu, simamisha na uoneshe kosa kwenye skrini. Ukiamuru fremu itembee na enkoda haitoi pigo, kuna kitu kimekwama, zima mota. Kila amri idai jibu. Ukiliandika hili tangu mwanzo, siku mashine ikigoma msimamizi wako atasoma tatizo kwenye skrini badala ya kukupigia simu usiku.

Brashi nazo zisibanwe kwa kubahatisha. Mota ya brashi iendeshwe na VFD, kifaa cha kudhibiti kasi ya mota, nayo iipe PLC taarifa ya mkondo wa umeme kwa ishara ya 4 hadi 20 mA. Brashi ikizunguka hewani mkondo uko chini, ikigusa bodi unapanda, ukipita kiwango ulichoweka brashi irudi nyuma. Uzuri wa ishara hiyo ni kwamba waya ukikatika inashuka chini ya 4, na programu inajua hapo hapo kwamba hilo si brashi iliyo hewani.

Kwetu kuna Noah na Hiace zenye keria juu, na pickup zenye mabomba nyuma. Brashi ya juu ikinasa pale, unalipa gari. Weka sensa ya kimo kwenye lango na programu ya pili isiyoshusha brashi ya juu, na msimamizi aichague kabla gari halijaingia.

Umeme utakatika fremu ikiwa juu ya gari, hilo lihesabu kama hali ya kawaida. Namba ya hatua ya kuosha iliyofikiwa ihifadhiwe kwenye kumbukumbu isiyofutika, lakini umeme ukirudi kisitembee chochote mpaka mtu aangalie na kubonyeza kitufe. Kitu cha kwanza kifanyike ni kuzirudisha brashi mbali na gari. Weka pia rilei ya kulinda fezi. Fezi moja ikipotea mota zinaungua.

Kitufe cha dharura kisitegemee programu peke yake. Kikate umeme wa mota moja kwa moja kupitia rilei ya usalama, kwa kontakti zinazopitisha umeme muda wote na kuukata kitufe kikibonyezwa, ili waya ukikatika mashine isimame. Sensa zote za eneo la maji ziwe volti 24 na zenye kinga ya IP67, yaani haziingizi vumbi wala maji.

Maji sitayarefusha. Chimba mashimo ya kutulizia tope na kutenganisha mafuta, maji hayo yaoshe chini ya gari na suuza ya kwanza. Visima vingi vya Dar vina chumvi, hivyo suuza ya mwisho itumie maji yaliyochujwa, vinginevyo gari linakauka na madoa meupe. Tangi liwe na sensa ya kiwango inayozuia pampu kuzunguka kavu.

Kwenye kuandika programu, lada (lugha ya PLC inayochorwa kama ngazi, mfano wa mchoro wa rilei) inatosha. Gawa kazi kwa namba za hatua: 10, 20, 30, ukiacha nafasi katikati, maana nta utaiongeza tu. Kabla ya hapo andika kwenye karatasi inputi (ishara zinazoingia kwenye PLC) na autiputi (amri zinazotoka) zote. Siemens 1214C, kwa mfano, ina inputi 14 na autiputi 10, na kwa mashine hii utahitaji moduli ya nyongeza. Ijaribu yote mezani kwa swichi za kawaida kabla ya kufunga mota hata moja.

Weka hapa urefu wa kiwanja chako, kama una fezi tatu, na kilowati za mota ulizooneshwa. Nikivipata nitakuorodheshea inputi moja moja.