Kwa anayeanza kuchora watu: jifunze kwenye sarakasi ya Toulouse-Lautrec

Wewe unayeanza kuchora watu wakiwa kwenye starehe zao, iwe ngoma, mpira au sarakasi, nakusihi uanzie kwenye michoro ya sarakasi ya mchoraji Mfaransa Henri de Toulouse-Lautrec ya mwaka 1899. Wengi wanamjua kwa mabango ya Moulin Rouge, ukumbi wa dansi na starehe wa Paris, nayo ni mazuri kweli, lakini kwa mwanafunzi karatasi hizi zina faida kubwa zaidi.

Mwaka huo alilazwa katika kliniki moja huko Neuilly, kando ya Paris, pombe ikiwa imemharibu afya na akili. Mle ndani hamkuwa na farasi wala mwanasarakasi. Alikuwa na karatasi, chaki, penseli za rangi, na yote aliyoyaona tangu ujana wake alipokuwa akipelekwa kwenye sarakasi na mchoraji René Princeteau. Akachora michoro 39 kwa kumbukumbu tu, ili madaktari waone kwamba akili imemrudia. Kabla mwaka haujafika nusu, wakamruhusu aende zake.

Chagua mchoro mmoja wenye farasi ukae nao kwa muda. Mnyama ana uzito, unaona kabisa miguu ya nyuma ilivyoubeba. Uwanja wenyewe ni mistari michache ya kupinda. Huko nyuma, viti havina watu! Mimi naipenda sana michoro hii kwa sababu hiyo: kila kilichobaki kwenye karatasi ni kile ambacho jicho lake lilikishika kwa miaka.

Basi nawe fanya hivi. Nenda kwenye ngoma au mazoezi ya sarakasi, penseli ibaki mfukoni. Picha za simu usipige. Mfuate mtu mmoja kwa macho, uangalie mguu upi unabeba mwili na bega lipi linashuka. Ukifika nyumbani, chora, ukianza na mguu huo. Uso uuache mwisho. Kesho yake rudi ukamtazame tena, mchoro ukiwa mkononi. Pale ulipobuni utapaona mara moja, na hapo ndipo pa kufanyia kazi wiki nzima.

Karatasi iwe na mkwaruzo kidogo ili chaki ishike. Usisugue kwa kidole kulainisha. Mstari ukikosewa, uache, chora mwingine pembeni yake.